Vidonge Nilivyompa Kaka, na Shangazi Aliyeitwa Mchawi

Admin, nifichie jina, ndugu zangu wanasoma hapa. Mimi ni mwanaume wa miaka hamsini, mzaliwa wa Ngara, nina mke na watoto wanne.

Miaka ile ya wakimbizi, mimi na kaka yangu, nitamwita Deo, tulikuwa tunapakua magunia ya mahindi ya msaada kambini Lukole. Dereva mmoja wa lori alinipa vidonge vya kuondoa usingizi. Nilimeza kimoja, moyo ukanienda mbio, nikaviogopa. Vilivyobaki nikampa kaka. Mimi ndiye niliyempa.

Alivipenda, akawa anavifuata mwenyewe kwa yule dereva. Alibeba kazi ya watu wawili na hachoki. Chakula hataki, suruali inamvuka mpaka aifunge kwa kamba. Asubuhi za ukungu sisi tumevaa makoti, yeye kifua wazi, jasho linamtiririka. Nikimwambia apunguze, ananicheka: "Mwoga wewe! Mimi ni mashine."

Siku hiyo jua la saa saba lilikuwa kali, na alikuwa amemeza vitatu. Nikaona jasho limemkauka, anaongea na watu wasiokuwepo. Akaanguka na gunia lake. Nilipomgusa, ngozi ilichoma kama sufuria iliyotoka motoni. Wenzetu wakasema malaria imempanda kichwani. Wakamviringisha mablanketi mawili, tukambeba kwa machela hadi zahanati. Nesi akaniuliza, "Kuna kitu chochote alichomeza?"

Nikajibu, "Hapana." Niliogopa kufungwa.

Wakamtundikia dripu ya kwinini. Jioni haikumkuta.

Miaka mingi baadaye daktari mmoja alinieleza kwamba dawa zile huuendesha mwili bila breki. Zinaua njaa na uchovu, mwili unajiunguza wenyewe, na joto likizidi linashindwa kutoka. Mtu kama huyo huvuliwa nguo akamwagiwa maji, akakimbizwa hospitali. Sisi tulimfunika.

Msibani mama alikumbuka kwamba jana yake Deo alikunywa pombe ya ndizi kwa shangazi, dada wa marehemu baba. Akapiga kelele mbele ya watu wote, "Wifi, umeniulia mwanangu!" Vijana wakaenda kufyeka migomba ya shangazi na kuchoma nyumba yake. Akakimbilia Nyamahanga, Biharamulo, na kitenge alichojifunga tu. Nilikuwepo. Sikufungua mdomo.

Mwezi uliopita shangazi alituma ujumbe. Yuko kitandani, hawezi kuinuka tena. "Mwambieni wifi aje anione. Sina kinyongo naye." Mama amepita miaka themanini, ana presha. Alijibu, "Mchawi afe peke yake."

Nikisema ukweli, naogopa mama ataanguka palepale. Nikinyamaza, shangazi anazikwa na jina ambalo si lake. Kula nashindwa, na mke wangu anadhani ninaumwa.

Ninyi mngekuwa mimi mngeanzia kwa nani, kwa mama au kwa shangazi? Nishaurini haraka, msinionee huruma.