Dawa ya Mayi

Javel ya mama, ile dawa kali ya kung'arisha nguo na kuua vijidudu, ilikaa katika chupa ya bia nyuma ya mlango, imezibwa kwa gunzi la mahindi. Siku hizi nikimwona mtu anatia javel katika chupa ya kinywaji nagombana naye, hata awe mgeni wangu. Lakini wakati ule wa uasi, pale mtaani kwetu Nyamianda, kando ya ziwa, nani alikuwa na chupa nyingine? Mama alitia matone machache katika ndoo ya maji ya ziwa, akayaacha yatulie kabla hatujayanywa. Kwa javel hiyohiyo aliloweka matambara ya uzazi, maana alikuwa mkunga wa mtaa.

Asubuhi moja waasi waliingia kutafuta chakula. Mkubwa wao, kijana ambaye hata ndevu hazijamjaa, akaiona chupa.

"Iko nini humu?"

"Iko dawa ya mayi, baba," mama akajibu, kama alivyotujibu sisi watoto siku zote, akimaanisha dawa ya kusafisha maji ya kunywa.

Uso wa kijana ukang'aa. Hapo mama akajua amekosea, nami nikajua. Waasi waliamini kwamba aliyepakwa dawa yao akipiga kelele "Mayi!", risasi inageuka maji. Kumbe huyu mwanamke anaficha dawa ya vita! Akang'oa gunzi kwa meno.

Niliogopa. Akinywa, koo litaungua, na wenzake watatuchoma ndani ya nyumba. Mama akisema ni sumu, watauliza alimwekea nani.

"Baba, hiyo haifai tena," mama alisema. "Miye mwanamuke nimeishika. Na leo nimefua nayo matambara ya muzazi, yenye damu. Nusa."

Kila mtu alijua miko yao: dawa iliyoguswa na mwanamke imekufa, sembuse iliyokutana na damu ya uzazi! Kijana aliitupa chupa ikapasuka, akafuta mikono ukutani, wakatoka mbio bila hata kumchukua kuku wetu.

Javel ilimrukia mama miguuni. Nilimmwagia maji huku nikilia kwa hasira.

"Mama, angekuwa peke yake, ungemuacha anywe?"

"Hapana. Mwenye kumuzaa iko anamungojea."

Nilimwambia mimi ningemwacha. Alinituma nikatafute kuni tuchemshe maji, kwa sababu dawa ilikuwa imekwisha.