Mshenga na Oili ya Gari Dogo

Pikipiki yangu ya kwanza ya kazi ilikunywa oili pamoja na petroli, kama mtoto anavyopewa dawa ndani ya uji. Nilikuwa bibi shamba, ndiyo kwanza nimetoka chuoni, nimepangiwa Kagerankanda, wilaya ya Kasulu. Pikipiki ile ilikuwa imeshapita mikononi mwa mabwana shamba watatu, na kila mmoja alikuwa ameiachia kovu lake. Nilifundishwa jambo moja tu: kikombe kimoja cha chai cha oili kwa lita tano za petroli, tikisa, mimina, piga kiki. Moshi wake ulikuwa wa buluu, na wakulima walininusa kabla hawajaniona. Wale ambao hawakuwa wamepalilia kahawa walipata muda wa kukimbilia jembe.

Katikati ya miaka ya tisini nikahamishiwa Kibondo, nikapewa pikipiki mpya kabisa, nyekundu, kiti bado kina nailoni. Hii ilikuwa ya aina nyingine. Oili yake haikuchanganywa na petroli. Ilikaa peke yake tumboni mwa injini, na kila baada ya muda ilitakiwa imwagwe, iwekwe nyingine. Ilikuja na kijitabu cha maelezo. Nilikipenda sana kijitabu kile, nikakifungia kabatini ofisini kisije kikachafuka.

Wiki ya kwanza mkono wangu ulifanya ulivyozoea. Nikapima kikombe cha oili, nikamimina kwenye tangi la petroli. Nilipowasha, uwanja mzima wa ofisi ukajaa moshi. Mkuu wangu wa kazi akatoka nje akikohoa.

"Bibi shamba, unafukiza nyuki?"

Kibondo ni nchi ya asali, kwa hiyo utani huo ulinifuata miezi. Nilimwaga petroli yote, nikaanza upya, na nikajiapiza kwamba kuanzia siku ile nitaipa pikipiki yangu kilicho bora tu. Kiapo hicho ndicho kilichoniponza.

Ulipofika wakati wa kubadilisha oili mara ya kwanza, nilikuwa na safari ya Kasulu kuchukua mbegu za maharage. Ilikuwa pia wiki ya mambo yangu mwenyewe. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi pale Kasulu, kijana mpole aliyewahi kuleta wanafunzi wake kwenye kitalu changu cha kahawa kisha akawa anakuja bila wanafunzi, alikuwa ametuma taarifa nyumbani kwetu kwamba mshenga wake atafika Jumamosi. Kwetu ni kijiji kimoja kando ya barabara ya Kibondo, mbele ya mto Malagarasi ukitokea Kasulu. Baba yangu, katekista, alikuwa ameshaazima viti kwa majirani. Mimi nilipanga kurudi Ijumaa, nilale nyumbani, niwe nimeshaoga na kusuka nywele kabla ya wageni.

Ijumaa asubuhi nikaingia duka moja la vipuri pale mjini Kasulu. Mwenye duka alikuwa mzee wa Kitanga, kofia yake nyeupe haijawahi kugusa grisi ingawa alizungukwa na grisi kila upande. Nikamwambia nataka oili ya injini.

"Ipo nzito, ipo nyepesi, ipo ya malori, ipo ya kuchanganya," alisema. "Wataka ipi, mwanangu?"

"Nataka iliyo nzuri kuliko zote."

Akapanda kigoda, akashusha kopo la rangi ya dhahabu kutoka rafu ya juu kabisa. "Basi chukua hii. Hii watia wenye gari ndogo mpya. Laini kama samli."

Hakuniuliza ni ya chombo gani, nami sikumwambia. Nilichovya kidole, nikaisugua kati ya vidole. Kweli, ilikuwa laini mno. Nikaazima spana, nikafungua nati ya chini ya injini hapohapo uani kwake, oili nyeusi ikatoka yote, nikaweka ile ya dhahabu. Nikaondoka Kasulu nikijiona nimeitendea haki pikipiki yangu.

Kilometa za mwanzo pikipiki ilikwenda kimya, kwa raha. Nilipopita Makere nikakuta lori limekaa upande mmoja, ekseli imekatika, abiria wametawanyika majanini. Mzee mmoja aliyevaa koti zuri jeusi, mwavuli kwapani, mfuko wa sukari mkononi, akanipungia.

"Mwanangu, unaelekea Kibondo? Nisaidie tafadhali. Nina shughuli ya heshima kesho asubuhi, sitaki kulala njiani."

Nikafungia mbegu zangu mbele kwenye tangi, mzee akapanda nyuma. Alikuwa mtu wa mwili. Akafungua mwavuli kukinga jua, nikamwomba aufunge kabla upepo haujatubeba wote wawili, akacheka, akaufunga.

Tulipofika kwenye mlima wa kwanza wa maana, mambo yakaanza. Nikaongeza resi, injini ikanguruma, lakini mwendo ukapungua. Nikaongeza tena. Injini ikalia kama ng'ombe aliyepotelewa na ndama, na tairi la nyuma likawa linajivuta tu. Nikashusha gia. Palepale. Hatimaye tukasimama katikati ya mlima, injini inaunguruma, sisi hatuendi.

"Imekufa?" mzee akauliza.

"Haijafa, mzee. Ina nguvu, ila nguvu haifiki kwenye tairi."

"Kama baadhi ya viongozi," akasema, akashuka.

Tukaanza kusukuma. Mimi nimeshika usukani, yeye anasukuma nyuma, koti ameliweka juu ya gunia la mbegu. Tulipumzika mara tatu. Katika pumziko la pili akajifuta jasho, akaanza kunieleza shughuli yake ya heshima, kwa namna ya mtu anayetaka kujisahaulisha mlima.

"Naenda kumposea mwalimu mmoja, mtoto wa ndugu yangu. Nimebeba barua hapa ndani ya koti. Binti mwenyewe sijamwona. Nasikia ni mtoto wa katekista. Nasikia ni bibi shamba. Tena wanasema anaendesha pi..."

Akaitazama pikipiki. Akayatazama mabuti yangu na lile gunia la mbegu lenye mhuri wa kilimo. Mimi nikatazama majani ya kando ya barabara kana kwamba sijawahi kuona majani.

"Mwanangu," akasema taratibu, "mabibi shamba wanaoendesha pikipiki barabara hii wako wangapi?"

"Yuko mmoja tu, mzee."

Nilitamani ardhi ipasuke. Mzee akakaa chini kwenye tuta, nikadhani amekasirika, kumbe anacheka. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, nami nikaambukizwa, tukabaki pale tunacheka kama watu waliokunywa pombe ya ndizi. Kisha ghafla akawa na wasiwasi.

"Hili halifai. Mshenga kusukumana pikipiki na mwali wenyewe! Wazee wako wakijua, watasema sisi ni watu gani?"

"Hawatajua," nikasema. "Nitakushusha njia panda kabla ya kijiji, ukalale kwa watu wako. Kesho tutasalimiana kama wageni."

Ndivyo tulivyofanya. Penye tambarare tulipanda wote tukaenda polepole, penye mlima mzee alishuka akatembea. Jua lilikuwa linakaribia vilima tulipoachana njia panda. Nilifika nyumbani nimechafuka vumbi mpaka nyusi. Mama alinitazama, akasema, "Ewe mtoto, na kesho wanakuja!" akanipeleka bafuni kwa mkono kama mtoto wa miaka sita.

Jumamosi mzee akafika na mwenyeji wake wa njia panda, koti limepigwa pasi, mwavuli kwapani. Nililetwa kusalimia nikiwa nimevaa kitenge kipya, macho chini, mikono mbele. Baba akamwuliza habari za safari.

"Ilikuwa ngumu kidogo," mzee akajibu kwa utulivu, "lakini Mungu alinipa msamaria mwema."

Mambo yakaenda vizuri. Barua ikasomwa, chai ikanywewa. Kisha baba, kama desturi ya mzazi, akaanza kunishusha thamani ili asionekane anajivuna. Akasema binti yake huyu kazoea kazi za ofisi, huenda hana nguvu za kazi za nyumbani.

"Ah, hapana, Katekista!" mzee akaropoka. "Nguvu anazo. Nimemwona mwenyewe anavyosukuma."

Shangazi yangu akasimamisha birika hewani. Baba akamtazama mshenga, akanitazama mimi, akaitazama pikipiki nyekundu pale nje, vumbi la jana bado limeganda juu yake. Hakuhitaji kuambiwa mengi. Mzee ikabidi aeleze yote, lori, mlima, tuta, na alipofika kwenye "yuko mmoja tu" baba alikuwa ameshafunika uso kwa leso, mabega yanatikisika. Mama akapiga vigelegele kabla posa haijajibiwa rasmi. Nadhani vigelegele hivyo ndivyo vilivyokuwa jibu.

Jumatatu nikajikongoja mpaka Kibondo mjini, kwa fundi. Alikuwa Mrundi, mtu wa makamo, amevuka mpaka wa Manyovu na mkoba mmoja wa nguo na mwingine wa spana. Kwao alikuwa fundi wa karakana ya misheni. Kiswahili chake kilikuwa na Kirundi na Kifaransa ndani, na yeye pikipiki aliiita *moto*, kwa hiyo aliponiambia, "Dada, moto yako ina shida," niliruka pembeni nikidhani inaungua.

Akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakinusa, akaipaka kidogo kwenye kucha.

"Nani alikupatia mafuta haya?"

"Nilinunua mwenyewe. Ni nzuri kuliko zote."

"Ego, ndiyo, ni nzuri sana. Lakini si ya hii."

Akafungua ubavu wa injini, akanionyesha. Ndani mlikuwa na visahani vyembamba vimepangana kama chapati, vyote vinaogelea katika oili ileile ya injini. Ndizo pleti za klachi. Akanieleza kwamba kwenye magari mengi klachi hukaa pakavu, mbali na oili ya injini, kwa hiyo oili ya gari hata ikiwa laini namna gani haiidhuru. Kwenye pikipiki kama yangu injini, gia na klachi vinakunywa kutoka chungu kimoja. Pleti zinatakiwa zishikane. Ukizitilia oili iliyotengenezwa ili kila kitu kiteleze, nazo zinateleza.

"Umeipaka sabuni mikononi, halafu unaiambia ishike jembe," akasema.

Alizitoa moja moja, akaziosha kwa petroli, akazipanga juani kwenye gazeti. Mbili zilikuwa zimeanza kuisha, akanitafutia nyingine. Kisha akaleta kopo lisilo na urembo wowote, limeandikwa ishirini-hamsini, namba za uzito wa oili, na lina picha ndogo ya pikipiki ubavuni. Kabla hajamimina akaniuliza swali lililonikata maini.

"Iko na kitabu?"

Nikaenda ofisini, nikafungua kabati, nikakitoa ndani ya nailoni yake. Ukurasa ulikuwepo, na namba zilikuwepo, zilezile za kwenye kopo, na mchoro wa kopo la oili ya gari limepigwa msalaba. Fundi alinirudishia tu kijitabu, kurasa zake sasa zina alama za vidole vyake vyeusi, na tangu siku ile kilisafiri nami chini ya kiti.

Nilipopita tena Kasulu nilimweleza mzee wa Kitanga. Kwanza alinuna. "Mie nauza oili tangu hujazaliwa wewe." Lakini alikuwa mtu mwenye udadisi, akaniambia niende polepole, nimchoree zile chapati kwenye kipande cha boksi. Akakaa akikitazama. Mteja aliyeingia nyuma yangu aliomba oili, na mzee, mguu mmoja tayari juu ya kigoda, akageuka: "Ya chombo gani, na klachi yake yaishi wapi?" Yule mteja alikuwa anataka ya cherehani.

Tulifunga ndoa baada ya mavuno ya maharage, nikahamishiwa Kasulu pamoja na pikipiki yangu, tukapanga nyumba huko. Mume wangu alipenda kunisaidia kubadilisha oili siku za Jumamosi. Yeye akisoma kijitabu kwa sauti ya darasani, mimi nikifungua nati. Oili chafu tuliikinga kwenye kopo la maziwa, na jirani yetu aliichukua kupaka nguzo za uzio wake, kwa sababu mchwa wa pale hawana adabu. Uzio wake ulikuwa mrefu, na nguzo zilizopakwa hazikuwa zimefika nusu, kwa hiyo kila aliponiona natoka na pikipiki asubuhi alinihimiza niende mbali zaidi, oili ichafuke upesi.