Sauti ya Bi Zuhura

Saa moja asubuhi, nikiwa Iringa, simu iliita kabla sijamaliza chai. Alikuwa Mzee Athumani wa Makambako, mwenye fuso la kubebea viazi.

"Mwanangu, mke wangu amefariki jana," alisema. "Ndugu zake wanataka wamzike Kikristo kwao Yakobi. Wewe ulimrekodi. Njoo na ile sauti ituamue."

Nasomea shahada ya pili ya taaluma ya dini. Miezi miwili kabla ya hapo nilikaa jikoni na mkewe, Bi Zuhura, nikimhoji kuhusu ndoa za watu waliotoka dini mbili. Majina yote haya nimeyabadili. Alizaliwa katika familia ya wanakwaya huko Yakobi, pembeni ya mji wa Njombe, akasilimu alipoolewa. Kabla hatujaanza nilimsomea ahadi ya utafiti: sauti yake haitasikiwa na mtu mwingine bila idhini yake. Sikuwaza kwamba ingefika siku asiweze tena kuulizwa.

Saa mbili na nusu nilikuwa kwenye basi. Nilivaa visikilizio nikamsikiliza tangu mwanzo hadi mwisho, na tulipopita Mafinga nikarudia. Misonobari ilikimbia dirishani na mimi sikutulia kitini. Abiria wa jirani aliniuliza kama naumwa tumbo. Aliyoyasema Bi Zuhura siyaandiki hapa. Niseme tu kwamba nilitafuta neno la kumwamua mumewe na ndugu zake, na kila nilipodhani nimelipata, maneno yaliyofuata yaliligeuza.

Makambako nilifika karibu saa sita. Nyumbani kwa Mzee Athumani, wanaume wenye kofia walikaa kwenye mikeka chini ya turubai. Ng'ambo ya uwanja, kwenye benchi, walikaa watu wa Yakobi, na mbele yao Mzee Yohana, kaka wa marehemu. Mwili ulikuwa bado hospitali. Shehe alikwisha kusema kwamba kuchelewa hivi si vizuri.

"Kamwene," Mzee Yohana alinisalimu Kibena.

"Kamwene, baba. Poleni na msiba."

"Tumeshapoa. Haya, dada yangu alisema nini?"

"Iweke kwa sauti kubwa, wote tusikie," Mzee Athumani alisema.

Simu ilikuwa mkononi. "Siwezi, wazee wangu," nilisema. "Nilimwahidi. Na hata ningeiwasha, isingewaamua."

"Basi umekuja kufanya nini?" Mzee Yohana alisimama. "Umetoka Iringa kuja kutuambia huwezi?"

Mwanamke mmoja kwenye benchi akasema, "Kusoma kwenyewe ndiko huku?"

Nilitoka nikaenda hadi barabara kuu, nikarudi hadi getini, nikaenda tena. Basi la kurudi Iringa lilipunguza mwendo, kondakta akanipungia mkono, na kidogo nipande. Nilichukia ile ahadi. Nilijichukia pia kwa kupokea simu.

Niliporudi mara ya tatu, Mzee Athumani alikuwa amevuka uwanja na kukaa kwenye benchi.

"Shemeji," alikuwa anamwuliza Mzee Yohana, "mama yenu alizikwa sehemu gani hasa?"

"Juu ya shamba la parachichi."

"Dada yako alikuwa analitaja sana shamba hilo."

"Hata kwangu, kila akipiga simu."

Walizungumza hadi alasiri. Wakakubaliana aoshwe na kuswaliwa Makambako, azikwe Yakobi karibu na mama yake, na nduguze waimbe shehe akishamaliza. Hakuna aliyeridhika kabisa. Shangazi mmoja aliapa hatapanda gari moja na watu hao. Shehe naye alisema nyimbo zingoje hadi yeye na watu wake watakaposogea pembeni.

Kesho yake saa saba mchana tulikuwa Yakobi, ukungu bado uko kwenye miparachichi na baridi inapenya viatu. Kaburi lilifukiwa, dua ikasomwa, Waislamu wakasogea barabarani. Wanawake wakaanza kuimba Kibena. Mzee Athumani hakusogea na wenzake. Alibaki pale pale, mikono nyuma, hadi wimbo wa mwisho. Mzee Yohana alipita mbele yangu bila kuniaga.

Saa kumi Mzee Athumani alinipeleka stendi ya Njombe. Alizima injini lakini hakushuka.

"Sitakuuliza alisema nini," alisema. "Nakuuliza kimoja tu. Alinitaja?"

Nilitazama nje, watu wakigombea mizigo.

"Alikutaja, baba. Mara nyingi. Kwa wema."

Akaitikia kwa kichwa. Niliposhuka, akawasha gari.

Ahadi niliivunja kwa kiasi hicho, na sijaijutia. Nilipofika Iringa niliifuta ile sauti, isije ikaombwa tena, nikamweleza mwalimu anayenisimamia kwamba sura ya tatu ya tasnifu itakosa mahojiano yake bora. Katika dodoso langu kulikuwa na swali, "Dini yako ni ipi?", na mbele yake kisanduku cha kuweka alama moja. Swali nimelibakiza. Kisanduku nimekitoa, nikaweka mistari mitupu, ukurasa mzima, na bado sijui kama inatosha.