Tangazo Alilolisoma Baba

Siku ile tulikuwa tunaanua muhogo. Wingu lilikuwa limeshuka kutoka milima ya Lemera, na Mama alitaka makopa yote yaingie ndani kabla mvua haijafika bondeni. Ng'ambo ya uwanja, ndani ya kanisa letu la matofali mabichi, Baba alikuwa anafundisha watoto habari za Koreshi, mfalme wa Uajemi. Sauti yake ilitufikia vizuri. Alisema mfalme huyo hakuwa Myahudi wala hakumwabudu Mungu wa Wayahudi, lakini aliwakuta wakiwa mateka Babeli, akawaruhusu warudi kwao wakaijenge upya nyumba ya Mungu wao. Hata vyombo vya hekalu vilivyoporwa aliwarudishia.

Baba alikuwa mwalimu wa kanisa katika kijiji kimoja cha bonde la Ruzizi, kati ya Katogota na Uvira. Ilikuwa miaka michache tu tangu uhuru. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitatu, kaka yangu Zakaria ishirini.

Waasi walifika wiki hiyo hiyo. Waliwapanga wanaume mbele ya ghala la pamba, wakawachanja kifuani kwa wembe na kuwapaka dawa, wakisema risasi zitageuka maji. Hakuna aliyeulizwa kama anataka. Zakaria alichanjwa. Jirani yetu Kashindi, mkulima wa mpunga, alichanjwa pia. Baba hakuwepo, alikuwa amempeleka mgonjwa Lemera.

Miezi ilipita, kisha tukasikia kwamba jeshi la serikali linakuja na kwamba halibagui mwasi na raia. Tukavuka mto kwenda Burundi. Mama alibeba sufuria na blanketi. Baba alibeba vikombe viwili vya meza ya Bwana, amevifunga katika kitambaa.

Ng'ambo tulikaa zaidi ya mwaka, katika vibanda vya nyasi. Kila Jumapili Baba alirudia habari za Koreshi, na watu hawakuchoka kuzisikia. Wanawake walilia alipofika pale mateka wanapofunga mizigo yao. Hata mimi nilikuwa naziona njia zile za Babeli, na zilifanana na njia ya kwetu.

Halafu mchuuzi mmoja alileta karatasi kutoka Uvira. Ilikuwa na muhuri wa serikali. Ilisema waliokimbia warudi makwao, na waliolazimishwa kuchanjwa hawataadhibiwa. Baba aliinakili kwenye daftari lake kwa mwandiko wake mzuri. Jumapili iliyofuata alisimama mbele ya watu akaisoma mara mbili, kisha akasema Mungu ametuinulia Koreshi wetu.

Mama alingoja tufike kibandani.

"Baba Zakaria, basoda ba mu njia, bale askari, nani aliwasomea hii karatasi?"

"Iko na muhuri."

"Minye siulizi muhuri."

Jioni Kashindi alikuja, amefungua vifungo vya shati.

"Mwalimu, minye niko na hizi chale. Weye unajua vile nilizipata. Nirudi?"

"Rudi, ndugu yangu," Baba alisema. "Imeandikwa."

Tuliondoka familia saba. Tulivuka asubuhi, maji yakiwa kiunoni, watoto mabegani. Upande wa pili mama mmoja alianzisha wimbo, sote tukaitikia. Baba alitangulia na vikombe vyake.

Askari walikuwa kwenye ghala la pamba.

Walikuwa wanane au tisa, wamekaa kivulini. Mmoja alinyanyuka. Alisema kwa Kilingala wanaume wavue mashati.

Wimbo ulikatika.

Baba alitoa daftari, akalifungua kwenye ukurasa wake, akaanza kusoma. Askari alilichukua, akaligeuza huku na huku, akalitupa chini.

Walimtoa Kashindi. Walimtoa Zakaria. Walitoa wengine watatu.

Zakaria alikuwa anajaribu kuvaa shati lake. Mkono mmoja ulikuwa umeshaingia.

Wakawapeleka nyuma ya ghala.

Tuliamriwa kwenda. Mama alikataa, wakampiga kitako cha bunduki begani, Baba akamshika na kumvuta. Tulikuwa tumefika kwenye mashamba ya mpunga tuliposikia risasi. Nilizihesabu bila kutaka. Zilikuwa sita, na watu walikuwa watano.

Hatukupewa miili. Kijijini nyumba yetu ilikuwa imechomwa. Kanisa lilikuwa limebaki na kuta. Baba aliliezeka tena, akaendelea kufundisha. Mama alimpikia, alimfulia, lakini alikaa miaka mingi bila kumwita jina la Baba Zakaria.

Nabintu, mjane wa Kashindi, hakuwahi kumlaumu. Ila mara moja, mvi zikiwa zimeshamwingia, alimngoja mlangoni baada ya ibada. Nilikuwa karibu.

"Mwalimu, wale Wayahudi ba Koreshi. Bote balifika?"

"Waliofika waliandikwa majina, Mama Nabintu. Waliobaki njiani sijawahi kuona wameandikwa wapi."

"Aya," alisema, akaenda zake. Sikumsikia Baba akimtaja mfalme huyo tena mpaka alipokufa.

Watu wa bondeni bado wananiuliza kama Baba alikosa. Nawaambia aliiamini karatasi kwa sababu alitamani nyumbani, na sote tulitamani.

Lakini kuna jambo siwaambii. Usiku wa kuamkia safari, Zakaria hakutaka kuja. Aliniambia pembeni kwamba angebaki ng'ambo, atufuate baadaye akisikia tumefika salama. Mimi nililia. Nilimwambia bila yeye siendi, na kwamba Baba hawezi kusoma uongo. Akacheka, akanipangusa uso, akasema basi, tutaenda.

Baba alizikwa akidhani ni yeye peke yake aliyemrudisha.