Mwanajeshi Ambaye Hatukumwokoa

Leo mwanajeshi aliyekufa amenishukuru kwa kumwokoa.

Mnaocheza gemu hii mnajua. Katika sehemu ya kwanza unaokoa mtu mmoja tu: mwanajeshi au fundi cherehani. Bibi yangu, Ba, aliniamuru nimchukue fundi, kwa sababu baba yake alikuwa fundi cherehani Kisumu. Nikamwokoa, mwanajeshi akafa, nikaukosa upanga ambao angenipa.

Nimeingoja sehemu ya pili miaka miwili. Leo, baada ya shule, tumeifungua hapa nyumbani Wembley.

Imeniuliza maswali matatu tu kuhusu niliyoyaamua zamani.

La fundi halimo.

Mara mwanajeshi akatokea, mzima kabisa. "Asante kwa kuniokoa!"

Ba akaweka kikombe chini. "Mwongo mkubwa! Fundi wetu yuko wapi?"

Nikamweleza (nimechoka, jamani) kwamba watengenezaji hawawezi kuandika hadithi mpya kwa kila uamuzi wa kila mchezaji. Wanachukua maamuzi machache, mengine wanayafanya yawe sawa kwa wote.

"Ndivyo," akasema. "Hata sisi tulipofika huku kutoka Kisumu, kwenye uwanja wa ndege walituuliza maswali machache. Hakuna aliyeuliza tumemwacha nani."

Nikauliza, "Mlimwacha nani, Ba?"

Akaelekeza kidole kwenye skrini.

"Zima hiyo kwanza, beta, mjukuu wangu. Aliitwa Atieno. Shuleni tulikaa dawati moja."

Nimeizima.

Nanyi, mmeshawahi kuwauliza bibi zenu walimwacha nani?