Udongo Nilioupika

Nilienda Kanyakine kwa sababu ya wivu, sitawaficha. Mama yetu, huko Runyenjes, alikuwa ameng'oa mikahawa ya marehemu baba ili apande avokado. Akatuambia mimi na mdogo wangu Wawira kwamba atachukua miche ya mmoja wetu, yule mwenye miche bora. Kitalu changu kiko nyuma ya nyumba hapa mtaa wa Dallas, mjini Embu, na miche yangu ilikuwa imedumaa, haizidi urefu wa kalamu. Kisha Wawira, anayeishi Kanyakine kule Meru, akanitumia picha ya yake, inamfika kiunoni. Roho iliniuma, nikafunga safari.

Saa mbili asubuhi niliondoka Embu kwa matatu. Tulipopita Runyenjes niligeuza uso, Mama asije akaniona kutoka langoni na kuuliza ninaenda wapi. Tulipofika Chuka nilikuwa nimeshaamua kwamba Wawira ana mbolea anayoificha.

Saa sita hivi nilishuka Nkubu, nikapanda boda hadi Kanyakine. Wawira alikuwa ameniandalia mukimo, lakini nilitaka kitalu kwanza. Wuui! Miche imesimama mistari kwa mistari, majani mapana, yanang'aa. Nilitamani yote ikauke papo hapo. Mungu anisamehe.

"Unaweka mbolea gani?" nilimuuliza.

"Kidogo tu, dada. Kwani wewe udongo wako unaufanyaje?"

Nikamweleza kwa majivuno. Ninaupika. Ninaujaza kwenye pipa, ninawasha moto chini mpaka utoe mvuke na wadudu wote wafe. Halafu ninamwaga mbolea ya fosforasi bila uchoyo.

Wawira alishika kichwa. "Ai, dada! Umeua hata wasaidizi."

"Wasaidizi gani?"

"Kuna kuvu wanaoishi kwenye mizizi. Huwaoni kwa macho. Afisa wa kilimo alituonyesha kwa hadubini, nyuzi nyembamba kuliko unywele. Majani yanatengeneza sukari kwa hewa na jua, na mti unawagawia. Wao wanapeleka nyuzi zao mahali mzizi haufiki, wanauletea mti fosforasi. Ni nipe nikupe."

"Na mbolea yangu je?"

"Ukiijaza hivyo, mti unaona hauna haja nao, unaacha kuwalisha."

"Wako uliwatoa wapi?"

"Nyumbani. Chini ya ile avokado ya baba, nyuma ya jikoni. Si ulinicheka Krismasi nikibeba udongo kwenye mkebe?"

Nilikumbuka. Niliwauliza watu wote uani kama kule Meru udongo umeisha, wakacheka. Na mimi ndiye ninayekaa chini ya mti huo kila Jumapili tukitoka kanisani!

Saa tisa niliaga. Wawira alinijazia mkebe kutoka kitaluni kwake. "Tia kiganja kwenye kila karatasi ya nailoni yenye mche. Na tafadhali usiupike!" Alicheka, nami nikacheka kwa meno tu.

Kutoka Nkubu mpaka Chuka nilipakata ule mkebe nikigombana na nafsi yangu. Miche yake ndiyo bora, nilikuwa nimeiona. Kilichobaki ni mimi kukubali kwa mdomo wangu.

Runyenjes, safari hii nilishuka. Mama alikuwa anachambua maharagwe mlangoni. Sikungoja hata anikaribishe.

"Mama, panda ya Wawira."

Maneno hayo yalinitoka kwa shida. Mama aliniangalia, akaanza kutabasamu.

"Wawira amepiga simu sasa hivi. Ameniambia nisichukue yake, nikungoje wewe mpaka mvua ijayo. Anasema miche yako ilikosa udongo tu."

Nilizunguka jikoni nikaketi chini ya avokado ya baba, mkebe mkononi. Nimejifunza kwamba udongo haupikwi. Wivu bado ninao, tena umezidi. Hata kwa wema, yule mtoto amenitangulia.