Bega Lenye Mkono

Utotoni nilipigwa picha moja tu, na ndani yake sina uso. Si panya walioutafuna, wala si unyevu. Ni mimi mwenyewe niliyeufuta, kwa wivu, nikiwa na miaka tisa. Ndiyo maana mpaka leo nikinusa siki najiona mjinga upya, kwa sababu mpiga picha wetu alinuka hivyo kwa dawa za kazi yake, kuanzia kofia hadi viatu.

Alikuwa Mhungaria. Enzi za Wajerumani, kwetu Kinole, milimani Uluguru, kila mzungu alikuwa Mdachi, yaani Mjerumani, naye akiitwa hivyo aliweka mizigo chini kwanza ili akatae vizuri. Kazi alijifunza kwao, kwa baba yake. Huku aliletwa kupiga picha madaraja ya reli, na reli ilipofika Morogoro akafungua chumba chake karibu na stesheni. Lakini joto la mjini lilimshinda. Picha zake zilikaa kwenye vioo vilivyopakwa utando laini, na maji ya kule yalikuwa vuguvugu. Utando ukayeyuka, maharusi wakatiririka kama uji. Akapanda mlimani kuviosha katika kijito chetu, ambacho asubuhi kinang'ata vidole. Tukamwita Bwana Vioo.

Huyu bwana alimpenda Klementi, mtoto wa mama yangu mkubwa. Klementi alikuwa na kipaji kimoja, kutulia. Akisimamishwa kwenye migomba ili sanduku la kupigia picha lijaribiwe, hakupepesa hata nzi akimtembelea mdomoni. "Mtoto jiwe!" alisifu Mhungaria. Mimi nikawa najifunza kutulia nyuma ya nyumba, mbele ya kuku. Hata kuku hawakuvutiwa.

Sasa, kwetu Waluguru mtu hurithiwa na mtoto wa dada yake. Mjomba wetu, mwenye kigoda cha ukoo, alitaka picha pamoja nasi wawili, na kijiji kizima kilijua anapima mrithi. Kioo kilibaki kimoja. Mjomba akaketi, Klementi kulia, mimi kushoto. "Haya, wajomba zangu, tulieni," alituambia mjomba. Bwana Vioo akaanza kuhesabu kwa Kihungaria. Ndipo nikahisi mkono wa mjomba ukitua begani kwangu. Mwenye akili angeufurahia. Mimi nikageuka kuona kama Klementi naye amewekewa.

Hakuwekewa. Mkono wa pili ulishika fimbo. Nikarudisha uso nikitabasamu, lakini kioo kilikuwa kimeshachukua ukungu mahali pa uso wangu.

Vita vikaja. Mjomba alichukuliwa kubeba mizigo ya askari, hakurudi, wala hakuwa amemtaja mtu. Bwana Vioo naye Waingereza walimzoa pamoja na Wadachi, akikana hadi mwisho. Wazee wa ukoo wakaitoa picha, nami nikawaonyesha bega langu. "Bega ni lako, hatukatai," alisema mmoja wao. "Ila kigoda kinataka mtu wa kutulia." Klementi akakikalia, bila kupepesa.

Leo pale stesheni vijana wanakupiga picha hata ukipiga chafya, na uso unabaki. Nao nawaonea wivu. Wahenga walisema kupata si kwa werevu na kukosa si ujinga. Aliyesema hayo hakunijua mimi, msomi wa misheni niliyejikalia Mafiga, hapa hapa Morogoro mjini, ambaye hata Kingolwira, nje kidogo ya mji, kwangu ni safari. Wiki iliyopita Klementi alinitumia nakala ya ile picha. Nikaipeleka kwa jirani yangu, Mama Zuhura, aliyekuwa jikoni, nikitaka anionee huruma. Akaitazama, kisha akanitazama mimi.

"Mkono ulikuwa nao begani, ukaenda kuutafuta kwa mwenzio. Na hata sasa hivi, babu, macho yako yamo kwenye sufuria yangu."